Mbio za Masafa na Namna ya Kujizoeza kwa Akili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama, Tanga, na kuchapwa hapa kwa idhini ya msemaji)



Najua ya kuwa wengi wenu mmetoka ofisini moja kwa moja, na ya kuwa nyumbani mnangojewa. Kwa hiyo sitarefusha maneno pasipo haja. Lakini jambo lenyewe ni zito kuliko jina lake. Jina lake ni mbio; na mtu aweza kuuliza, Je, mbio ni kitu gani hata watu wazima wakae kitako kuzizungumza? Nitajibu.

Mbele ya mkutano huu liko shauri la kukivunja kikosi chetu cha mbio, na fedha zilizotengwa kwa ajili yake zitiwe katika mfuko wa misiba. Aliyeleta shauri hilo hana chuki, wala mimi simlaumu. Mfuko wa misiba ni jambo la heri, na kila mmoja wetu aweza kuuhitaji kesho. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwaka jana kikosi kilitutia aibu, na nusura kitutie msibani. Maneno hayo ni kweli. Walakini kosa halikuwa la kikosi. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyekuwa mwalimu wao. Nami nimekuja kulieleza waziwazi, kisha niwaonyeshe njia iliyo bora, ndipo mpige kura hali mnajua mnachokipigia.

Yaliyotupata

Mwaka jana tulipeleka watu sita katika mashindano ya idara, mbio za kilomita 10. Waliofika mwisho walikuwa wawili. Wawili walikuwa wameumia kabla ya siku yenyewe, mmoja muundi wa mguu na mwingine ukano wa kisigino, nao wakakimbia kwa ukaidi hata wakashindwa njiani. Wa tano aliacha katika kilomita ya sita, akaenda zake nyumbani kwa huzuni, na tangu siku ile hajarudi mazoezini. Wa sita, kijana mdogo kuliko wote, alianguka kilomita moja kabla ya mwisho. Alikuwa akipepesuka kama mlevi, akawa anasema maneno yasiyo na maana, kisha akaanguka.

Nasi tuliokuwa karibu tulifanya nini? Tulimbeba mpaka chini ya mwembe, tukamfunika koti, na mmoja wetu akakimbia kuleta chai ya moto. Ndugu zangu, mtu yule alikuwa akiungua kwa joto ndani ya mwili wake, na sisi tukamfunika koti! Mama mmoja muuza maji, asiyejuana nasi, ndiye aliyelivuta koti lile na kummwagia ndoo nzima mwilini, akisema kwamba mtoto huyu ni wa moto kama chungu. Ndipo alipopata nafuu, na baadaye akapelekwa hospitali. Kijana huyo yu mzima, na yumo humu ukumbini. Jina lake silitaji, ila nimemwomba ruhusa ya kulieleza jambo hili, naye ameniruhusu.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyowafundisha. Kwa wiki sita niliwakusanya kila jioni baada ya kazi, nikawakimbiza njia ile ile ya Raskazone, na saa mkononi. Agizo langu lilikuwa moja tu: leo mshinde jana. Aliyechelewa kwa nusu dakika nilimkemea mbele ya wenzake. Aliyesema mguu unamwuma nilimwita mvivu. Nilidhani ya kuwa mtu hujifunza kwenda mbio kwa kwenda mbio, na kwamba azidishaye juhudi hana budi azidi kasi. Wiki mbili za kwanza walizidi kweli. Wiki ya tatu walisimama palepale. Wiki ya nne walianza kurudi nyuma, nami nikawaongezea adhabu. Huo ndio ualimu wangu.

Tangu wakati ule nimesoma, nimeuliza wenye ujuzi, na nimejijaribu mwenyewe kwa miezi minane. Nitakayosema si siri. Yanajulikana kwa wakimbiaji wa nchi nyingi, na sisi pia twaweza kuyajua.

Mshahara na deni

Mwili wa mkimbiaji hupata nguvu kwa kuunguza wanga na mafuta kwa msaada wa hewa. Moyo husukuma damu, damu huchukua hewa kutoka mapafuni, misuli huipokea. Muda wote kasi ikiwa ndani ya uwezo wa moyo na damu, mtu huenda mbali bila taabu kubwa. Akizidi hapo, mwili hauna budi kutumia njia nyingine ya haraka, yenye nguvu nyingi lakini ya muda mfupi tu. Miguu huwa mizito, pumzi humsonga, na sharti apunguze mwendo apende asipende.

Sisi makarani twaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko watu wengine. Mwendo wa raha ni kuishi ndani ya mshahara. Mwendo wa kasi mno ni kukopa dukani. Mkopo si haramu, na mwisho wa mbio mtu aweza kukopa kwa furaha kwa kuwa siku ya kulipa imekwisha kuwa karibu. Lakini akopaye tarehe mbili ya mwezi atakula nini tarehe ishirini?

Basi ziko njia mbili za kwenda kasi zaidi. Ya kwanza ni kuongeza mshahara, yaani kuupanua uwezo wa moyo, damu na misuli. Ya pili ni kupunguza matumizi, yaani kukimbia kwa namna ambayo kila hatua hugharimu nguvu kidogo. Mazoezi ni ya ile ya kwanza. Ustadi wa kukimbia ni wa hii ya pili. Mimi mwaka jana sikufanya lolote kati ya hayo. Niliwakopesha watu wangu kila jioni, mpaka wakafilisika.

Mwendo wa taratibu

Sehemu kubwa ya mazoezi ya mkimbiaji wa masafa sharti iwe ya taratibu. Mkikimbia siku tano kwa wiki, siku nne na ziwe za mchakamchaka mwepesi. Kipimo chake hakihitaji chombo: mtu aweze kuzungumza na mwenziwe sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, anakwenda mno, na apunguze mwendo.

Najua vijana hawapendi neno hili. Huona haya kupitwa na mtu mzee njiani. Lakini mwendo huo mwepesi ndio unaoukuza moyo, ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu katika misuli, na ndio unaozipa mifupa na kano muda wa kukomaa. Maana pumzi hupatikana kwa wiki chache, bali kano na mifupa huchukua miezi. Hapo ndipo wenzetu wawili walipoumia. Mapafu yao yalikuwa tayari, miundi yao haikuwa.

Huko New Zealand alikuwako mwalimu aitwaye Arthur Lydiard, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu, wala hakuwa na cheo cha elimu. Alijijaribu mwenyewe kwa miaka mingi, akaona ya kuwa hata mkimbiaji wa mbio fupi kidogo hufaidika kwa kukimbia mbali. Wanafunzi wake walikimbia kiasi cha maili 100 kwa wiki wakati wa kujenga mwili, na Jumapili walikwenda maili 22 milimani. Watu walimcheka. Mnamo tarehe 2 Septemba 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, mwanafunzi wake Peter Snell alishinda mbio za mita 800, na siku hiyo hiyo mwanafunzi wake mwingine, Murray Halberg, akashinda mita 5,000. Kicheko kikaisha.

Mimi siwaambii mkimbie maili 100. Karani mwenye kazi, mke na watoto akipata kilomita 30 au 40 kwa wiki, amepata nyingi. Funzo ni utaratibu, wala si hesabu: msingi kwanza, ukuta baadaye.

Mwendo wa kasi

Msingi ukiisha kujengwa, ndipo mtu aongeze kasi, siku moja kwa wiki, na baadaye mbili, wala zisifuatane. Tena kasi hiyo haifanywi kwa mfululizo mmoja hata mtu azimie. Hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande mtu hupumzika kwa kutembea au kwa mchakamchaka. Faida yake ni kwamba hukaa muda mrefu zaidi katika kasi anayoitaka kuliko ambavyo angeweza kwa mara moja.

Chukueni mfano wa mtu awezaye kukimbia kilomita 10 kwa dakika 50, yaani dakika 5 kwa kila kilomita. Na akimbie kilomita 1 kwa dakika 4 na sekunde 50, apumzike dakika 3, akimbie tena, hata zitimie mara tano. Ya tano iwe sawa na ya kwanza. Ikiwa ya kwanza ilikuwa 4 na 30, na ya tano ikawa 5 na 15, hakujizoeza kasi, bali amejizoeza kushindwa. Siku nyingine akimbie mita 400 mara nane, kila moja kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, kwa mapumziko ya dakika 2. Akimaliza awe anajiona ya kuwa angeweza kuongeza moja zaidi. Asiiongeze.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zatufaa sisi wenye kazi. Roger Bannister wa Uingereza alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya London, na mazoezi yake aliyafanya katika saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa hakuwa na wakati mwingine. Yeye na wenziwe walikimbia yadi 440 mara kumi, wakipumzika dakika 2 kati yake. Walianza kwa sekunde 66, wakashuka kidogo kidogo hata 61, kisha wakakwama hapo. Je, walifanya kama nilivyofanya mimi, wakaongeza adhabu? La. Waliacha kukimbia siku chache, wakaenda Scotland kupanda milima. Waliporudi walizikimbia kwa sekunde 59. Na tarehe 6 Mei 1954, huko Oxford, Bannister akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Wakati wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 59 na nne ya kumi. Basi mtu aliyekwama si lazima awe mvivu. Yamkini amechoka.

Ustadi wa kukimbia

Sasa nasema juu ya mwili wenyewe. Sisi tunakaa kitini saa nane kila siku. Mgongo umepinda juu ya meza, kichwa kimeelekea mbele kwenye karatasi au mashine, nyonga zimekunjika. Tukitoka jioni tukaanza kukimbia, twakimbia kama watu waliokaa kitini. Kwa hiyo kabla ya kukimbia, tembeeni kwa dakika tano, kisha mrushe miguu mbele na nyuma polepole, hata nyonga zifunguke.

Katika mbio zenyewe yaangalieni mambo matano.

La kwanza, kimo. Simameni wima kama mtu aliyeitwa jina lake kwa heshima. Mwelekeo mdogo wa mbele utoke kwenye vifundo vya miguu, wala si kiunoni. Macho yatazame njia mbele, si vidole vya miguu.

La pili, mahali pa kukanyaga. Hili ndilo kosa la wengi. Mtu akitaka kasi hurusha mguu mbele sana, goti likiwa limenyooka, na kisigino kikapiga chini mbali na kiwiliwili. Kila hatua ya namna hiyo ni breki. Mguu na utue karibu na chini ya mwili, goti limekunjika kidogo. Kasi haitoki katika kuuvuta mguu mbele. Hutoka katika kuisukuma ardhi nyuma.

La tatu, wingi wa hatua. Katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, mwalimu mmoja Mmarekani, Jack Daniels, alikaa akahesabu hatua za wakimbiaji, akaona ya kuwa wale wa masafa karibu wote hupiga hatua 180 kwa dakika au zaidi. Watu wengi wamelichukua hili kuwa sheria, nalo si sheria. Warefu na wafupi hawawi sawa, na mtu aendaye taratibu hupiga hatua chache zaidi. Lakini mtu na ajihesabu. Ukiona hatua zako ni 155 tu, ongeza kiasi cha sehemu moja ya ishirini, yaani nane hivi. Hatua zitakuwa fupi, na goti na nyonga zitapunguziwa mzigo.

La nne, mikono. Kiwiko kikunjike, mkono uende mbele na nyuma bila kuvuka katikati ya kifua. Vidole visikunjwe ngumi. Shikeni kama mtu aliyebeba kifaranga. Mabega yakipanda mpaka masikioni, yashusheni.

La tano, pumzi. Vuteni hewa kwa tumbo, kwa pua na mdomo pamoja. Hao wasemao kwamba mkimbiaji sharti avute kwa pua peke yake hawajapata kukimbia kwa kasi.

Walakini nawaonya msimhukumu mtu kwa sura yake. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikimbia huku kichwa kikiyumba na uso umekunjamana kama mtu mwenye maumivu makali. Katika Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, zote tatu. Kichwa chake kilikuwa kibaya, lakini miguu yake ilifanya kazi sawasawa. Basi msibadili kila kitu kwa siku moja. Badilini jambo moja, kwa dakika chache, katika mwendo wa taratibu, mpaka liwe tabia. Namna iliyo bora ya kujifunza ni hii: mara mbili kwa wiki, mkiisha mchakamchaka, kimbieni mita 80 au 100 mara sita, kwa wepesi na uzuri, bila kujikaza, mkitembea kurudi. Na mkiona kimwinuko kifupi kitumieni, maana kilima humfundisha mtu kuinua goti bila mwalimu.

Joto, maji na usingizi

Sasa narudi chini ya mwembe. Mashindano yale yalipangwa kuanza saa moja asubuhi. Mgeni wa heshima alichelewa, hotuba zikawa nyingi, na mbio zikaanza saa nne, jua limekwisha panda. Mimi kama mwalimu ilinipasa kusema, Hatukimbii, au Tutakimbia polepole. Niliona haya mbele ya wakubwa, nikanyamaza.

Jifunzeni dalili, nanyi mliokuja kutazama tu jifunzeni vilevile, kwa maana watazamaji ndio watakaookoa. Mkimbiaji akipepesuka, akisema ovyo, akiwa mkali bila sababu, au akianguka na mwili wake u moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mpozeni hapo hapo, kabla ya kumbeba kumpeleka po pote. Mvulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na kama liko pipa la maji mtumbukizeni hata shingo huku mmoja wenu amemshika kichwa. Mwingine aite gari la hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kwanza kumpoza, kisha kumsafirisha: neno hili na liandikwe katika daftari la Chama.

Mwili huzoea joto kwa muda wa siku kumi hata kumi na nne, mtu akijizoeza ndani yake kidogo kidogo. Juu ya maji, mtu na anywe kwa kadiri ya kiu yake. Kukosa maji kwadhuru, na kunywa kupita kiasi kwadhuru vilevile, kwa kuwa maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu, na watu wamekufa kwa hilo.

Na usingizi, ndugu zangu. Mazoezi huuchosha mwili, mapumziko ndiyo yanayoujenga. Asiyelala ni kama mtu apandaye mbegu na kuzifukua kila usiku kuona kama zimeota.

Siku ya mashindano

Gawanyeni nguvu sawa. Mwenye kutaka dakika 50, kilomita ya kwanza aende dakika 5 na sekunde 5, ijapokuwa wote watampita na miguu yake inamdanganya ya kuwa ni nyepesi. Kilomita ya pili hata ya nane aende dakika 5 kamili. Mbili za mwisho atoe yote yaliyobaki.

Najua mtanitajia Filbert Bayi wetu. Ni kweli, huko Christchurch mwaka 1974 aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32 na mbili ya kumi. Lakini Bayi alikuwa amejizoeza kwenda namna ile, na aliujua uwezo wake. Sisi tulianza mbio kama Bayi na mazoezi ya makarani.

Mtazameni na Alphonce Simbu. Mwaka 2017, huko London, alipata nishani ya shaba katika marathoni ya ubingwa wa dunia. Alingoja miaka minane. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, alikuja nyuma ya Mjerumani Amanal Petros mpaka uwanjani, akampita kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kama angalikopa mapema, angalipata wapi sehemu tatu hizo?

Na John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti huko Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, tunamheshimu wote. Mimi mwaka jana nililitumia jina lake kuwakemea waliosema wanaumwa. Nililitumia vibaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kuendelea, na goti lilikuwa lake. Mwalimu hana haki ya kumchagulia mtu mwingine maumivu.

Shauri langu

Mashindano ya mwaka huu yako mbali wiki kumi na mbili. Nimepanga hivi. Wiki nne za kwanza: siku nne kwa wiki, taratibu tupu, dakika 30 hadi 40, na Jumapili dakika 50 hata saa moja. Wiki ya tano hata ya nane: siku moja iwe ya kimwinuko, kupanda kwa nguvu sekunde 40 mara nane na kushuka kwa kutembea, nyingine zote taratibu. Wiki ya tisa hata ya kumi na moja: siku moja kilomita tano za vipande, kama nilivyoeleza, na siku nyingine dakika 20 za mwendo mzito wa kudumu. Wiki ya kumi na mbili: nusu ya kazi, na kupumzika. Kila wiki ya nne mzigo upungue kidogo. Tutakutana saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua. Kila mtu awe na daftari, aandike masafa, muda, usingizi, na mahali panapouma. Sisi ni makarani. Kama hatuwezi kuweka daftari, nani ataweza?

Bwana Mwenye Kiti, sitaki shilingi moja ya mfuko wa misiba. Fedha zile na ziende huko, nami nitaunga mkono kwa mkono wangu mwenyewe. Viatu vya mwaka jana bado vyafaa. Naomba mambo matatu yasiyo na gharama. La kwanza, kikosi kisivunjwe, nacho kiwe wazi kwa kila mwanachama, na kwa mabibi pia, maana wawili wamekwisha niuliza. La pili, Katibu awaandikie wenye mashindano ya kwamba kikosi chetu hakitakimbia baada ya saa mbili asubuhi, na ya kwamba pipa la maji liwepo mwisho wa njia. La tatu, achaguliwe mtu wa pili, asiyekuwa mimi, mwenye amri ya kumtoa mkimbiaji njiani hata kama mimi nakataa. Nimejifunza ya kuwa mwalimu naye huhitaji msimamizi.

Wahenga walisema, kukwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Maneno hayo ni kweli kwa mtu aliyelitazama jiwe lililomkwaza. Mimi nimelitazama. Yule kijana aliyeanguka ameniambia jana kwamba atakuja mazoezini Jumamosi, kama nitaahidi kwenda polepole kuliko yeye. Nimemwahidi. Nanyi mliokuwa kikosini, na wewe uliyeondoka kwa huzuni katika kilomita ya sita, nakuomba radhi mbele ya wote. Njoo.

Sasa niulizeni maswali, kisha tupige kura.